Maji ya Jioni Kando ya Kaburi la Mzee Kaijage

Huku kwetu Kanazi wengine wanamwita Ta Ildefons, yaani Baba Ildefons, wengine wanamwita Mwalimu. Shule hajawahi kufundisha. Ni katekista wa kigango chetu, na ukiwaangalia watu wazima waliokaa kwenye mabenchi ya kanisa siku ya Jumapili, wengi wao yeye ndiye aliyewashika mkono wakajifunza ishara ya msalaba. Sasa anawashika mkono watoto wao. Ni mrefu, mwembamba, kola yake amefunga vifungo mpaka juu hata jua likiwaka. Akikukuta njiani umejitwika mzigo, anakutua kwanza, ndipo anakuamkia.

Mimi ni jirani yake. Nilizaliwa Muleba, nikaolewa huku, na kibanja chetu na chake vinatenganishwa na mstari wa mibuni tu. Nikikaa jikoni kwangu namsikia mkewe, Ma Benadetha, akimgombeza.

"Ildefons, umevaa soksi mbili zisizofanana!"

"Mungu haangalii soksi, Benadetha."

"Mimi ninaangalia. Vua."

Naye anavua. Ndivyo walivyozeeka pamoja, kwa kugombezana kusikouma.

Ma Benadetha ana kisukari, kile cha kujichoma sindano. Dawa yake inataka baridi. Zamani walikuwa wakiiweka kwenye chungu chenye maji, wakihofia kila jua likipanda, mpaka binti yao Restituta aliyeko Mwanza alipowaletea friji. Friji ile iliwekwa sebuleni mahali pa heshima, ikavikwa kitambaa alichofuma Ma Benadetha mwenyewe. Ndani ilikaa dawa, yalikaa maziwa, na msimu wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa, ukifika walikaa senene wa kuwasubiri wajukuu.

Halafu jioni moja umeme ulikatika kama unavyokatika, lakini uliporudi ulirudi kwa nguvu. Balbu ya sebuleni ilipasuka. Redio ikatoa moshi. Friji ilinguruma, ikatulia, ikaendelea, na sote tulioingia kuwapa pole tukasema Mungu ameihurumia.

Kumbe friji nayo ilikuwa imeumia ndani. Siku zilizofuata Ma Benadetha akaanza kusema friji inamng'ata. Akishika mpini, anasikia kama siafu wanampanda mkononi. Ta Ildefons akishika yeye, hakuna kitu.

"Inakuchagua," akamtania. "Imejua nani mwenye maneno mengi."

Lakini Ta Ildefons alikuwa na ndala miguuni, na mama wa watu anatembea peku juu ya saruji. Hilo hakuna aliyelifikiria. Wakati huo ilikaribia Pasaka, na sisi Wahaya sikukuu ikikaribia tunatandika nyasi mpya sebuleni, nyasi laini kavu za kutoka rweya, kule kwenye uwanda wa nyasi, mgeni akae aone ameheshimiwa. Ma Benadetha akatandika nyasi zake, akazisogeza mpaka mbele ya friji. Akashika mpini. Siafu hawakuja. Akashika tena. Hakuna.

Alinipitia siku hiyo uso umechangamka. "Ma Celina, friji imepona! Nimeitandikia nyasi, imetulia kama mgeni."

Tulicheka wote wawili. Tukaamini kweli. Kila nyasi zilipochakaa akatandika nyingine, na kila jirani aliyeuliza akaambiwa dawa ya friji ni nyasi. Tulikuwa hatujui kwamba nyasi kavu zinazuia umeme usipite kwenda chini. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umebaki palepale ndani ya bati, unasubiri.

Siku ugonjwa huo ulipomkuta Ma Benadetha, alikuwa amemwaga maji ya kunawa mikono, nyasi zikalowa, naye akaenda kuchukua dawa yake ya asubuhi. Nilisikia ukelele nikiwa nachambua maharage. Nilivuka mstari wa mibuni bila kutazama njia. Nilimkuta sakafuni karibu na ukuta, mkono mmoja umekufa ganzi, macho yamefunguka hayaoni. Ta Ildefons alikuwa amekwisha kuzima meni swichi, amepiga magoti, amemshika kichwa. Yule mtu ambaye ana sala ya kila jambo hakuwa na sala. Alikuwa akisema tu, "Benadetha. Benadetha. Benadetha."

Alirudi. Namshukuru Mungu, alirudi, akaomba maji, akauliza kama chupa ya dawa imevunjika.

Baada ya siku hiyo nilikwenda Muleba kumuuguza mama yangu, nikakaa huko muda. Yaliyofuata niliyapata baadaye kwao wenyewe.

Walimwita fundi Onesphory, kijana wa Rwamishenye mwenye kibanda cha vifaa vya umeme. Akaigusisha testa, ile bisibisi yenye taa, kwenye bati la friji, testa ikawaka. Akawaeleza kwa upole: umeme ule uliorudi kwa nguvu uliunguza waya nyuma ya friji, sasa unavuja na kukaa kwenye bati, na kila mtu anayegusa akiwa ameikanyaga sakafu anageuka kuwa njia ya kuushusha chini. Nyumba ikiwa salama ina njia yake nyingine, waya wa ethi, unaotoka ukutani mpaka kwenye nondo ya shaba iliyochimbiwa ardhini.

"Wa kwenu uko wapi, Mwalimu?"

Wakazunguka nyumba. Kwenye kona waliona kipande cha waya kimechomoza ukutani, kimekatwa. Wezi wa shaba walikuwa wamekata waya na kung'oa nondo, labda siku moja tulipokuwa wote msibani. Nao wenye nyumba hawakujua, kwa sababu taa ziliendelea kuwaka kama kawaida. Hapo ndipo ulipo ubaya wa ethi: ikiondoka, haiagi.

Onesphory akabadilisha waya ulioungua. Akafunga swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Kwenye friji akaweka friji gadi, kile kiboksi kinachouzuia umeme unaporudi mpaka utulie. Ikabaki nondo mpya. Akaigonga kona ya nyumba, ikagota kwenye mwamba. Akahamia upande wa jiko, mwamba. Nyumba nyingi za huku zimekaa juu ya mawe. Mahali palipokuwa na udongo wa kina, wenye unyevu, ni pale migomba inapoanza, kando ya kaburi la Mzee Kaijage, baba yake Ildefons. Kama ilivyo kwetu, wazee wetu wamelala ndani ya vibanja, karibu na nyumba walizozijenga.

Ta Ildefons alimwomba fundi arudi kesho. Jioni ile alikaa karibu na kaburi peke yake. Asubuhi akasema, "Baba hakumnyima mtu mahali pa kupita. Gonga."

Nondo ikaingia laini. Kuizunguka, Onesphory akamwaga mkaa uliopondwa na chumvi ya mawe, kwa kuwa vitu hivyo vinashika unyevu, akafukia, wakafunika nyasi za matandazo juu, usione hata ukisimama hapo. Akamwambia mzee mambo mawili. Kiangazi kikija, pamwagilie maji, udongo ukikauka sana nondo inakuwa kama haipo. Na usimwambie mtu ilipo, kwa sababu aliyeiba ya kwanza hajahama.

Ta Ildefons akayashika yote mawili kama amri za Mungu.

Sasa nimlete Kahigi. Kahigi ni mjenzi, ni muumini, si mtu mbaya, ila macho yake yanatangulia na akili inakuja nyuma ikihema. Siku ile ya fundi alikuwa anatoka rweya na mzigo wa nyasi. Kupitia kwenye migomba aliwaona wanaume wawili kando ya kaburi, wamechimba shimo, wanamwaga mkaa, wanamwaga chumvi, wanafukia, wanaficha. Alinyamaza. Halafu kiangazi kikaingia, na kila jioni kengele ya kanisa ikilia akamwona katekista wetu anatoka na jagi la maji, anainama penye kaburi la baba yake, anamwaga taratibu, na midomo inacheza.

Kahigi hakuweza kunyamaza tena. Niliporudi kutoka Muleba nilikuta neno limeshatembea: Mwalimu anatambikia. Mwalimu amerudia mizimu tangu mkewe alipoangushwa. Akina mama wawili walikuwa wamewazuia watoto wao wasiende mafundisho ya Komunyo ya Kwanza.

Kyaruzi, mwenyekiti wa kigango, alinifuata nyumbani.

"Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele amina. Karibu, waitu," nikamjibu kwa neno letu la heshima.

Hakukaa. "Ma Celina, Paroko anakuja Jumapili kuwaona watoto wa Komunyo. Ataambiwa. Kama ni kweli, mzee hawezi kuendelea na darasa. Kama si kweli, aseme. Mimi nikimuuliza itakuwa kesi. Wewe muulize kama dada."

Nilikwenda jioni. Nilimkuta palepale, jagi mkononi, nikasimama kwenye mibuni nikamsikiliza. Alikuwa anasali Malaika wa Bwana. Sala ya kengele, ile ile aliyotufundisha sote! Alipofika mahali pa kuitikiwa, nikaitikia. Alishtuka, akageuka, akaniona, tukaimaliza pamoja.

"Ta Ildefons," nikasema, "watu wanasema unatambikia."

Hakukasirika. Aliliangalia jagi lake kama ndiyo kwanza analiona. "Nani anasema?"

"Watu. Paroko anakuja Jumapili. Kyaruzi anataka useme haya maji ni ya nini, la sivyo darasa linachukuliwa na mwingine."

Aliyamwaga maji yaliyobaki, akayatazama mpaka udongo ukayanywa. "Siwezi kusema, Ma Celina. Sijamwacha Mungu, lakini siwezi kusema. Mwambie Kyaruzi nitamkabidhi ufunguo wa darasa."

"Utakabidhi nini?" Ilikuwa sauti ya Ma Benadetha. Alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, amesikia yote. "Ildefons! Utakabidhi darasa kwa sababu ya waya?"

"Benadetha, nyamaza."

"Sinyamazi. Ma Celina, njoo ndani nikueleze huyu mtu anafanya nini."

Akanieleza, na mzee amekaa kwenye stuli ameinamisha kichwa. Nilitaka kucheka, nikamwangalia, nikashindwa.

"Wewe nakuamini," aliniambia. "Lakini nikisema kanisani nimeambia dunia. Mwizi wa shaba naye huja misa."

"Na ukikaa hapa bila watoto wako?" mkewe akamjibu. "Ninakujua. Jumamosi ya kwanza utafagia uwanja mara tatu. Ya pili utaugua. Nitakuwa nimekingwa na umeme, niuguze mume!"

"Nilikuona ukiwa sakafuni," akasema Ta Ildefons. Alilisema polepole, bila kuinua kichwa. "Wewe hukujiona."

Ma Benadetha aliiegemeza fimbo yake ukutani. Alikwenda akakaa karibu naye, akaanza kumrekebisha kola ambayo haikuwa imeharibika.

Kwa ruhusa yao nilimweleza Kyaruzi peke yake. Kyaruzi alicheka mpaka akajifuta macho. Halafu akawaza, akaja na shauri ambalo hata mimi niliona ni zuri.

"Paroko nitamweleza faragha, mzee abaki na darasa lake. Lakini wengine tuwaache waamini wanachoamini. Hakuna mwizi atakayegusa kaburi lenye chumvi na mkaa. Uvumi wa Kahigi ni mlinzi kuliko mbwa!"

Nililipeleka shauri lile mbio, nikidhani nimebeba habari njema. Ta Ildefons alinisikiliza mpaka mwisho. Niliona uso wake unabadilika, lakini sivyo nilivyotarajia.

"Hapana," akasema. "Kunyamaza naweza, maana kunyamaza si uongo. Lakini nijue kwamba watu wanaogopa kaburi la baba yangu kama la mchawi, na mimi nifurahi kwa kuwa linanifaa? Baba alibatizwa. Alikufa na rozari mkononi. Na watoto ninaowaambia wasiogope mizimu, waogope mizimu yangu?" Akamgeukia mkewe. "Utanisamehe, Benadetha. Nitasema. Wakiiba tena, nitaweka tena."

"Nimekuwa nikikwambia hivyo tangu jana," akasema Ma Benadetha.

Jumapili Ma Benadetha alikuja kanisani, yeye ambaye kwa ubovu wa miguu huja kwa nadra. Nilimshika mkono njia nzima, tukapumzika kila penye kivuli. Alikaa benchi la mbele. Baada ya misa Paroko alimpa Ta Ildefons nafasi. Alisimama, kola imefungwa mpaka juu, soksi zinafanana.

"Nimesikia kwamba natambikia," akaanza. Hata watoto wakageuka kumtazama. Akaeleza yote: balbu, friji, nyasi, waya uliokatwa, mwamba, nondo. Aliposema nondo iko kando ya kaburi, alimtazama mkewe, akaendelea.

Kahigi alisimama katikati ya benchi. "Na chumvi, Mwalimu? Niliiona kwa macho yangu."

"Inashika unyevu."

"Na mkaa?"

"Nao vilevile."

"Na midomo? Ilikuwa inacheza!"

"Malaika wa Bwana, Kahigi. Kengele ya jioni ikilia, wewe unafanya nini?"

Kahigi akafikiri. "Nafunga mbuzi."

Kanisa lilicheka, na Paroko naye akageuka upande wa sakristia kuficha kicheko chake. Hapo Ma Benadetha akajikongoja akasimama. Kicheko kikaisha.

"Waitu, mimi si msemaji," alisema. "Mume wangu alikuwa tayari kuwaacha hawa watoto ili asitaje mahali hapo. Mnajua anavyowapenda. Sasa amepataja. Wote mmejua shaba yetu iko wapi. Kama yupo humu mwenye kuihitaji, namwomba kwanza aje sebuleni kwangu, nimwonyeshe nilipoangukia. Halafu achague."

Akakaa.

Nje, watu walikuwa wanamzunguka Ta Ildefons kumshika mkono, na akina mama wale wawili walikuwa wanawasukuma watoto wao mbele wamwamkie. Kahigi alikuja wa mwisho, kofia mkononi.

"Mwalimu, nina saruji iliyobaki kwenye kazi."

"Ya nini?"

"Ya kufunika. Nondo ikifunikwa zege haing'olewi kirahisi. Nitaacha tundu la kupitishia maji. Na kaburi la mzee nitalisakafia upya, kama hutakataa."

Ta Ildefons alimtazama, akamtua kwanza. Namaanisha alimshika mabega yote mawili, kama anavyomtua mtu mzigo. "Njoo," akasema. "Benadetha atakupikia."

Wiki hiyo wengi wetu tulizunguka nyumba zetu tukitazama kona. Kwangu waya ulikuwepo, umelegea na kuota kutu mahali ulipofungwa. Kwa wengine haukuwepo kabisa, umekatwa zamani, na taa zinawaka. Onesphory alishinda kwetu, anatoka nyumba hii anaingia nyumba ile. Mama mmoja akamwambia yeye anategemea nyasi. Onesphory akamjibu, "Mama, nyasi ni za wageni."

Watoto wa Komunyo walifundishwa na mtu wao mpaka mwisho. Siku walipopokea, Ta Ildefons alilia bila kujificha, na Ma Benadetha akamwambia kwa sauti ya watu wote kusikia, "Futa pua, Mwalimu."

Leo naandika haya wao hawapo. Wamekwenda Bukoba mjini, kliniki ya kisukari, watalala kwa ndugu. Ni kiangazi tena, vumbi limekaa juu ya majani ya migomba. Kabla ya kuondoka Ta Ildefons aliniletea jagi lake kwa mikono miwili, akanielekeza tundu lilipo, ambalo nalijua kama mlango wangu.

Kengele ilipolia nilivuka mibuni. Kaburi la Mzee Kaijage limesakafiwa vizuri, na kando yake kuna zege dogo lenye tundu la kupitishia maji. Nilimwaga taratibu kama anavyomwaga yeye. Kwenye sala, mahali pa kuitikiwa, nilisita, maana nilikuwa peke yangu.

Sauti nzito ikaitikia kutoka njiani. Alikuwa Kahigi, kamba ya mbuzi mkononi, amevua kofia. Tulimaliza.

"Ma Celina," akasema, "na wewe umeanza kutambikia?"

"Nimeanza. Jagi limeisha na udongo bado una kiu. Funga huyo mbuzi, ukalete maji."

Akafunga mbuzi kwenye mbuni, akaenda kuleta maji. Kutoka ndani ya nyumba iliyofungwa niliisikia friji ikinguruma polepole, inatunza dawa ya Ma Benadetha mpaka warudi.